Binti yangu ameacha buti, anataka ubao mtupu. Nimruhusu?

SWALI: Binti yangu ana miaka 15. Kwetu ni Tanga, lakini tunaishi Ujerumani, si mbali na Köln. Kwa misimu mitatu amecheza wekibodi, yaani kuteleza majini juu ya ubao uliofungiwa buti, akivutwa na kebo iliyotundikwa juu ya ziwa, na mwaka jana alipata medali yake ya kwanza ya vijana. Sasa ameuza ubao wake na kununua wa wekiskeiti, ule usio na buti, na anasema mashindano hayataki tena. Kocha amekasirika. Anasema wekiskeiti haina fedha wala mashindano ya maana, na kwamba wanaoicheza hushinda gatini wakicheka. Nyumbani wananiambia mtoto akililia wembe mpe, lakini mimi naogopa. Anapoteza muda? Ni hatari zaidi? Na tukija Tanga likizo, ataweza kucheza baharini? Pembeni tu: vipi kuhusu mavazi ya kujisitiri?

JIBU: Dada yangu, mruhusu. Nalisema mapema kwa sababu barua yako inaonyesha umekosa usingizi, na mimi niliyefundisha mchezo huu na kukaa kwenye meza ya majaji kwa misimu mingi sioni sababu ya kukukosesha usingizi. Binti yako bado yumo katika mchezo uleule. Ameona mapema jambo ambalo wengi wetu tuliliona magoti yakiwa yameshachoka.

Nianze na fedha na medali, maana naona hapo ndipo kocha alipokubana.

Kuteleza majini kwa kuvutwa na boti kulianza mwaka 1922, Ralph Samuelson alipojifunga mbao mbili miguuni katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, Marekani. Ubao mmoja wa kusimama ubavuubavu, kama wanavyosimama wapanda mawimbi, ulichelewa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1985 Tony Finn wa San Diego alitoa Skurfer, ubao mfupi wa mawimbini uliotengenezwa kwa ajili ya kuvutwa. Ulielea mno, na kuinuka nao kutoka majini kulihitaji mtu mwenye misuli na ujuzi. Mwaka 1990 Herb O'Brien akaleta Hyperlite, ubao mwembamba ambao hauzami na wala haukusukumi juu kwa nguvu, na kuanzia hapo hata mtoto aliweza kuuzamisha chini yake, akakunja magoti na kuinuliwa na kamba. Mashindano makubwa yalikuja watu wakiwa wameshaupenda mchezo.

Yalipokuja, yalikuja kwa kishindo. Wekibodi iliingia X Games, mashindano makubwa ya Marekani ya michezo ya kuthubutu yanayoonyeshwa kwenye televisheni, mwaka 1996, na dhahabu ya kwanza ya wanaume ilichukuliwa na mvulana wa miaka 14, Parks Bonifay. (Wazazi wake walimsimamisha kwenye skii za maji akiwa hajatimiza hata miezi saba, kwa hiyo usianze kujilaumu.) Mwaka 1999 alitua mzunguko wa digrii 1080, yaani mizunguko mitatu kamili hewani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Kwa miaka kumi kila kijana mwenye ubao aliota jukwaa lile la televisheni. Halafu, baada ya mwaka 2005, wekibodi ikaondolewa X Games. Waliokuwa wamejenga kila kitu juu ya jukwaa moja walilala na kuamka halipo.

Likafuata tumaini la Olimpiki. Mwaka 2011 wekibodi ya kebo ilitajwa miongoni mwa michezo minane iliyokuwa ikifikiriwa kuingia Tokyo 2020. Nakumbuka furaha ile. Kuna wazazi waliobadilisha shule za watoto wao ili wawe karibu na kebo. Mwaka 2013 orodha ilipunguzwa ikabaki michezo mitatu, na sisi hatukuwemo. Mwishowe nafasi ikaenda kwa mieleka. Wekibodi bado ina mashindano ya dunia, na ilikuwemo katika World Games, mashindano ya kimataifa ya michezo isiyo ya Olimpiki, za mwaka 2022 kule Birmingham, Alabama. Lakini ukimwambia binti yako ashikilie buti kwa sababu ya majukwaa makubwa, unamwegemeza kwenye ukuta ambao umeshahama mara mbili mbele ya macho yangu.

Kuhusu fedha nitakuwa mkweli. Wanaoishi kwa kuvaa jina la mfadhili kifuani ni wachache katika wekibodi, na katika wekiskeiti ni wachache zaidi. Hata hivyo, watu ninaowajua ambao bado wanakula mkate wao majini wakiwa na miaka 40 ni makocha, waendesha kebo, wajenzi wa vikwazo vya kurukia na wapiga picha. Hakuna kati yao aliyeajiriwa kwa sababu ya medali ya vijana. Waliajiriwa kwa sababu kila mtu gatini aliwajua na kuwaamini.

Sasa njoo tukae gatini, mahali kocha anapopadharau.

Bila kebo, mchezo huu ungebaki wa matajiri. Boti mpya ya wekibodi mara nyingi inauzwa zaidi ya dola 100,000 za Marekani. Ina matangi ya kujazwa maji ili izame zaidi na kuacha wimbi kubwa nyuma yake, na mnara wa chuma wa kufungia kamba juu ili mchezaji avutwe kuelekea hewani. Kwa gharama yote hiyo anacheza mtu mmoja, na wengine wamekaa ndani wakingoja. Mjerumani mmoja, mhandisi Bruno Rixen, ndiye aliyeibadilisha hesabu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alining'iniza kebo juu ya minara kulizunguka ziwa, akaiendesha kwa mota ya umeme, na kamba zikawa zinadaka kebo moja baada ya nyingine. Uwanja kamili wa leo una minara mitano au sita, kasi yake ni kama kilomita 30 kwa saa, na watu wanane au zaidi huwa majini kwa wakati mmoja. Unalipia saa mbili kama unavyolipia bwawa la kuogelea. Hakuna nchi yenye viwanja vingi kama Ujerumani, na Langenfeld, ambako nadhani binti yako amefika, ni kati ya vile ambavyo kila mchezaji wa Ulaya anavijua.

Lakini jambo ninalotaka ulione ni hili. Kwenye kebo, ukianguka hakuna boti ya kukurudia. Unaachia mpini, unaogelea hadi ukingoni, unaubeba ubao kwapani na kutembea kurudi kwenye foleni. Katika matembezi hayo daima kuna mtu mwingine aliyeanguka kabla yako au baada yako. Kijana wa miaka 12 anatembea na daktari wa miaka 50, wote wanachuruzika maji, na daktari ndiye anayeuliza, "Nilikosea wapi?" Siku yangu ya kwanza nilianguka mara tisa kabla ya kufika mnara wa kwanza. Mara ya kumi nilipoupita, watu nisiowajua walipiga makofi na kugonga mbao zao kwenye sakafu ya gati. Nimepata vikombe baadaye. Mlio ule wa mbao ndio ninaoukumbuka.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba vijana wa wekiskeiti hushinda gatini, uliza wanafanya nini pale. Nenda ukakae kando yao saa moja. Utawaona wanamtazama aliye majini bila kupepesa macho, na akirudi kila mmoja ana neno: bega liliwahi, mguu wa nyuma ulikanyaga kisigino badala ya vidole, jicho liliangalia maji badala ya ukingo. Hilo ni darasa, dada, na wanacheka kwa sababu somo lenyewe ni gumu mno kuvumilika bila kicheko.

Na ugumu wenyewe ni huu. Katika wekibodi miguu imefungwa kwenye buti zilizokazwa ubaoni. Ukiruka, ubao unakuja nao. Ndiyo maana mtu anaweza kupiga samasoti na kuzunguka mara tatu, na hata mara tatu na nusu kama alivyofanya Danny Harf, na ubao bado uko miguuni. Ubao wa wekibodi una urefu wa kati ya sentimita 130 na 145. Wa wekiskeiti ni mfupi, kama sentimita 105 hivi, wa mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka au wa nyuzi za kaboni, na juu yake kuna kitu kinachofanana na msasa wa fundi seremala, au povu gumu lenye mikwaruzo. Unasimama juu yake na viatu vya kawaida. Hakuna kinachokushikilia. Ubao unabaki nawe kwa sababu ya jinsi unavyokanyaga, na si kwa sababu nyingine yoyote. Kuruka tu nao hewani, bila manjonjo, kunaweza kumchukua mtu msimu mzima. Kuuzungusha nusu duara chini ya nyayo ukauwahi tena kabla maji hayajauchukua ni jambo unaloweza kulijaribu mara 50 na kulipata mara moja. Mara hiyo moja, gati lote linapiga kelele, kwa sababu wote wanajua zile 49.

Mara nyingi vijana hawa hushindana kwa namna ambayo haina jedwali wala kikombe. Mmoja anafanya kitu kwenye kikwazo fulani, anayefuata lazima akirudie au aongeze, kama watoto wa mtaani wanavyopokezana danadana. Nikiwa jaji nilikuwa nikitazama vitu vitatu: namna kitendo kilivyotekelezwa kwa usafi, ukubwa wake, na mpangilio wa vitendo vyote tangu mwanzo hadi mwisho. Ni vigezo vizuri kwa wekibodi. Kwa wekiskeiti mara nyingi nilihisi ninapima samaki kwa futi. Kitendo kidogo kilichofanywa karibu na maji, bila mshindo, kinaweza kuwa kigumu kuliko samasoti, na ni wachezaji wenzake tu wanaokijua uzito wake.

Ingekuwa kosa kukuambia mashindano hayapo. Katika mashindano ya dunia ya kebo, yanayosimamiwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IWWF, wekiskeiti ina madaraja yake, ya wanaume na ya wanawake. Wasichana ni wachache, na hilo lina pande mbili: binti yako atakosa dada wakubwa wa kuwaiga gatini, lakini wadogo watakaokuja baada yake watamkuta. Lililonichoma zaidi nililiona katika shindano moja ambalo sitalitaja. Fainali ya wekiskeiti ilisogezwa hadi jioni, upepo umeshaamka na watazamaji wameshaondoka, kisha ikakatwa ikabaki dakika chache. Nilishuka kwenye meza ya majaji nikiwa na hasira. Wachezaji wenyewe walimwomba mwendesha kebo awaachie saa moja zaidi, wakacheza tena wote pamoja hadi giza, na yule aliyepata zawadi akainunulia chakula meza nzima. Msichana mdogo kuliko wote usiku ule alitua kitu alichokuwa akikitafuta tangu masika. Hakuna karatasi ya matokeo inayokionyesha.

Binti yako pia si wa kwanza kuvua buti. Thomas Horrell, ambaye wengi humwita baba wa wekiskeiti, aliuendeleza ubao huo kupitia kampuni ya Cassette wakati wengine waliuona kama mchezo wa kupotezea muda siku ya maji mabaya. Scott Byerly alikuwa tayari jina kubwa la wekibodi katika miaka ya 1990, na bado akaweka moyo wake na jina lake kwenye ubao usio na buti. Walioacha jukwaa lililokuwa likilipa ndio walioujenga mchezo anaoupenda binti yako leo.

Halafu kuna winchi, na hapa naomba univumilie kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Vijana huchukua injini ndogo ya petroli, wakaifunga kwenye fremu ya chuma pamoja na gurudumu la kukunjia kamba, wakaibeba hadi kwenye mfereji, dimbwi la machimbo au shamba lililofurika. Mmoja anaendesha, mmoja anavutwa, wengine wanalinda njia. Kiasi cha maji kinachomtosha mpunga kinaweza kumtosha na mchezaji. Nasema mpunga kwa makusudi: mwaka 2013 Mmarekani Brian Grubb na Mjerumani Dominik Preisner waliteleza kwa winchi kwenye matuta ya mpunga ya Banaue, Ufilipino, wakishuka kutoka tuta hadi tuta kama wanaoshuka ngazi. Grubb huyohuyo baadaye alivutwa na droni katika bwawa lililo juu ya jengo la hoteli Dubai, karibu mita 294 kutoka ardhini, kisha akajirusha na parachuti. Wasomaji wangu walioko Dubai huenda wanalipita jengo hilo kila siku. Tukio la pili lilihitaji fedha nyingi. La kwanza, ukiondoa nauli na kamera, linahitaji injini ndogo, kamba, na rafiki wa kushika kishikio cha mafuta. Mtoto anayejifunza kutengeneza winchi na wenzake anajifunza ufundi, kuomba ruhusa kwa mwenye shamba, na kusafisha mahali kabla ya kuondoka.

Sasa hatari, maana wewe ni mama na hilo ndilo swali lako la kweli.

Wekibodi huumiza zaidi magoti na kichwa. Miguu ikiwa imefungwa, ubao ukinasa maji, goti ndilo linalopokea ule msokoto, na kano yake inaweza kukatika. Ukingo wa ubao ukinasa ghafla, uso hupigwa majini kwa nguvu inayoweza kutikisa ubongo. Katika wekiskeiti ubao unakwenda zake na mwili unakwenda zake, kwa hiyo goti linapumua. Bei yake hulipwa na ugoko na kifundo cha mguu. Ubao huzunguka na kugonga ugoko, na utaona majeraha madogomadogo yasiyoisha. Kifundo hujikunja mtu akitua nusu ubaoni nusu majini. Hatari ninayoihofia kweli ni kuangukia ubao wake mwenyewe, au kugongwa na ubao ulioachwa ukielea na mtu mwingine. Helmeti na jaketi la povu la kukinga mbavu si vitu vya kujadili naye. Anguka, shika ubao wako, toka njiani: afundishwe hilo hadi alifanye usingizini. Viatu viwe vyepesi, vyenye soli bapa, na vitoe maji upesi; vya zamani vya skeitibodi vinatosha, akubali tu kwamba vitakufa kabla ya msimu kwisha.

Umeuliza pembeni kuhusu mavazi, na ninaona ulisita kuuliza. Suti ya mpira hufunika mwili wote tangu shingo hadi kifundo, na kwa maji ya Ujerumani mwezi Aprili au Oktoba karibu kila mtu huivaa. Hijabu ya michezo inakaa vizuri chini ya helmeti ikiwa haina mafundo nyuma. Akisuka nywele, helmeti ipimwe akiwa amesuka, maana iliyomtosha wiki iliyopita huenda ikapanda juu ya paji la uso wiki hii, na helmeti iliyopanda haikingi kitu.

Kwa kocha, nenda wewe mwenyewe, pamoja na binti yako. Mwambie anahamia wekiskeiti na mngependa abaki kwenye kikundi. Kocha mzuri atajua kwamba miguu iliyojifunza kusimama bila buti hurudi kwenye buti ikiwa imara zaidi, endapo siku moja atataka kurudi. Mwombe amruhusu kutumia kebo ndogo ya minara miwili, ile inayokwenda na kurudi ikiwa na mtu mmoja, saa za asubuhi. Kwa wekiskeiti ni bora kuliko kebo kubwa mwanzoni: mwendesha kebo anaweza kupunguza kasi kwa ajili yake, na akianguka kamba humngoja. Na wewe mwekee sharti moja tu: kila anapokwenda, amsaidie mgeni mmoja kuinuka majini. Vijana wa wekiskeiti watamwambia sharti hilo walikuwa nalo tayari.

Tanga inawezekana. Hamhitaji boti ya wekibodi. Mashua ya faiba yenye injini ya nyuma inatosha, maana wekiskeiti hupenda mwendo wa chini, kama kilomita 28 hadi 30 kwa saa, na wimbi dogo. Nendeni asubuhi kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yamejaa, na mwulize nahodha wa pale miamba iko wapi. Yeye anajua zaidi ya ramani yoyote. Kaeni mbali na nyavu, madema na ngalawa za wavuvi. Ndani ya mashua wawe watu wawili wazima, mmoja akiendesha na macho mbele, mwingine akimtazama binti bila kugeuka, na wakubaliane ishara tatu za mkono: ongeza, punguza, nimechoka. Akianguka, mashua imrudie polepole, imkaribie kwa upande ambao dereva anamwona, na injini izimwe kabisa kabla hajagusa mashua. Isiachwe ikizunguka bila gia. Izimwe, ili rafadha isimame. Kamba iingizwe ndani kwanza, kisha ubao, kisha yeye.

Na mkipata safari ya kwenda Mwanza kwa ndugu, ubao ubaki Tanga: kingo tulivu za Ziwa Victoria zina kichocho, na mchezaji wa wekiskeiti hukaa majini muda mwingi kuliko anavyokaa juu ya ubao.